Joto la Umma, Mfuko wa Kilo Kumi na Tano

Kwa mamlaka aliyopewa na wananchi, na kwa kipaza sauti kilichoazimwa kanisani, Meya wa Brestovnik, Mheshimiwa Velibor Raketić, alitangaza siku ya kwanza ya Septemba kwamba kuanzia saa hiyo hakuna mkazi wa mji ule atakayesumbuka tena kuchagua peleti.

Kuchagua, alisema, ni mzigo. Mtu anakwenda dukani kutafuta vile vidonge vya unga wa mbao vya kulishia jiko lake wakati wa baridi, anakuta mifuko ya aina kumi na moja. Huu rahisi, ule ghali. Mmoja umeandikwa ni mti mgumu wa bukva mtupu, mwingine una picha ya dubu tu na hausemi kitu. Mtu anakuna kichwa. Anapoteza nusu saa ambayo angeitumia kujenga taifa. Halmashauri, kwa huruma, imeamua kumkunia kichwa hicho yenyewe.

Ndivyo ilivyozaliwa Tume ya Kuoanisha Bei na Ubora wa Peleti. Mwenyekiti: Meya. Makamu Mwenyekiti: Meya, pale Mwenyekiti atakapokuwa na udhuru. Katibu, mpima joto na mkaguzi wa majivu: Tihomir Žugić.

Tihomir alikuwa na miaka hamsini na mitatu, na kati ya hiyo ishirini na sita ameimaliza kwenye chumba namba tisa cha halmashauri, akipiga mihuri kwenye karatasi ambazo hakuna aliyewahi kurudi kuziulizia. Hakuwahi kuwa na cheo hata kimoja, seuze vitatu kwa mpigo. Jioni ile alirudi nyumbani kifua mbele. Mkewe Slavojka alikuwa jikoni na mama yake, Stamenka, bibi wa miaka themanini na mmoja, wakimenya pilipili za kuchoma za kutengenezea ajvar, ile achari ya kuweka akiba ya baridi.

"Mkaguzi wa nini?" aliuliza mama mkwe.

"Wa majivu, mama."

"Na wanakulipa?"

"Kwa sasa ni heshima."

Stamenka alitazama pilipili iliyokuwa mkononi. "Slavojka, mwanangu," alisema, "yule daktari wa meno aliyekuposa, bado yuko hai?"

Tume ilikaa mara tatu. Katika kikao cha kwanza ilikubaliwa kwamba bei na ubora ni vitu viwili vyenye uzito sawa. Katika kikao cha pili uzito huo uligawanywa: bei alama tisini na tano, ubora alama tano. Na hizo tano zikachambuliwa kitaalamu. Tatu kwa mwonekano wa mfuko, moja kwa jina lenye kuleta matumaini, na moja kwa bidhaa yenyewe, endapo itathibitika kuwa ni peleti kweli. Tihomir, ambaye alikuwa mtu wa haki, aliinua mkono kuuliza kama haingefaa kuziwasha kidogo na kuona.

"Bwana Žugić," Meya alimjibu kwa upole, "tukishaziwasha zitakuwa majivu. Utayapaje majivu zabuni?"

Hoja hiyo ilikuwa nzito, ikaandikwa kwenye muhtasari.

Waombaji wengine wote walishindwa, na zabuni ikachukuliwa na kampuni iliyosajiliwa wiki tatu kabla, ambayo mkurugenzi wake hapo zamani alikuwa akitengeneza makabati ya jikoni. Mfuko ulikuwa dinari mia tatu, chini kuliko mfuko wowote nchini. Uliitwa Joto la Umma, na mbele ulikuwa na picha ya Meya akitabasamu, dole gumba juu. Kila aliyewahi kusaidiwa na halmashauri kununua jiko, yaani karibu mji mzima, aliamriwa kutumia Joto la Umma peke yake. Akikutwa na mfuko mwingine, msaada ule ataurudisha mpaka senti ya mwisho.

Baridi ilishuka kutoka milimani mwishoni mwa Oktoba. Tihomir, kwa kuwa kiongozi huongoza kwa mfano, alikuwa mtu wa kwanza mjini kumimina Joto la Umma kwenye jiko lake. Slavojka alisimama pembeni, mikono kwapani. Jiko lilikohoa. Likatoa moto mdogo wa rangi ya chungwa, mvivu, uliolala ubavu kama mgonjwa. Baada ya saa moja kioo cha jiko kilikuwa cheusi tii. Baada ya saa mbili kulikuwa na harufu ya duka la samani lililoungua.

"Linazoea," alisema Tihomir.

"Mimi sizoei," alisema Slavojka.

Wiki moja walivumilia. Kila asubuhi Tihomir alikomba lile bakuli la ndani ya jiko ambamo peleti huungulia na kutoa mabonge ya majivu magumu kama mawe, na akayaandika kwenye daftari lake la ukaguzi chini ya neno "mabaki imara". Siku ya nne alikuta skrubu. Siku ya tano alikuta kipande cha ukingo wa plastiki, ule unaobandikwa kwenye meza za chipbodi, zile mbao za unga na gundi. Walikuwa wakichoma mifuko mitatu kwa siku, na nyumba haikupita nyuzi kumi na tano. Siku ya saba jiko lilizimika kabisa, bomba likarudisha moshi ndani, na Stamenka akaanza kukohoa. Alikohoa chakula cha mchana chote. Alikohoa mpaka akashindwa kumtukana mkwe wake, na hilo ndilo lililomtisha Tihomir kuliko kikohozi chenyewe. Alimfunga blanketi, akafungua madirisha kwenye baridi ile, kisha akatoka mbio bila kofia kwenda kumwita Krunija.

Krunija Trnavac alikuwa ndiye fundi wa majiko pekee Brestovnik. Zamani alikuwa mpimaji wa maabara kwenye kiwanda cha sakafu za mbao. Kiwanda kilipofungwa, aliondoka na glasi zake mbili za vipimo na tabia ya kutomwamini mtu yeyote. Alifika, akafungua jiko, akachungulia kwa tochi, akacheka peke yake.

"Tiho, hili jiko umelilisha kabati."

"Ni peleti zilizoidhinishwa."

"Nipe maji."

Aliletewa maji kwenye glasi zake mbili. Kwenye ya kwanza alidondosha Joto la Umma. Vidonge vikaelea, vimetulia, kama watalii wanaoota jua, na juu ya maji pakatanda utando wenye rangi za upinde wa mvua. Kwenye ya pili alidondosha vidonge kutoka mfukoni mwake, vigumu, vinavyong'aa. Vikazama chubwi, moja kwa moja hadi chini, na baada ya dakika chache vikaanza kufumuka kuwa unga safi wa mbao.

"Hivi vilivyozama ni bukva," alisema Krunija. "Vimeshindiliwa sawasawa, havina gundi. Hivi vinavyoelea vimechakachuliwa. Chipbodi, rangi, magome, na Mungu anajua nini."

"Lakini hizo zako ni bei gani?"

"Mia nne themanini mfuko."

Tihomir alivuta pumzi kama mtu aliyekanyagwa. "Mia nne themanini! Krunija, hizi ni mia tatu!"

"Unachoma mingapi kwa siku?"

"Mitatu."

"Ya kwangu utachoma mmoja na nusu. Haya, wewe si mtu wa ofisi? Piga hesabu."

Tihomir alipiga hesabu kichwani. Hakuipenda, akaipiga tena kwa kalamu. Mia tisa kwa siku upande wa rahisi. Mia saba na ishirini upande wa ghali. Aligeuza karatasi akatazama nyuma yake, labda jibu la halmashauri liko upande ule.

"Na hapo sijatia mkono wangu wa kusafisha jiko," alisema Krunija, "wala mota ya kupeleka peleti, ambayo itakufa kabla ya Krismasi. Wala kifua cha mama."

Stamenka alikohoa kutoka kwenye blanketi, kwa wakati wake.

Mchana uleule Tihomir Žugić, katibu wa Tume, alibeba mifuko sita ya bukva kutoka stoo ya Krunija, akaipitisha nyuma ya banda la kuku, akafunga mlango, akaimwaga yote kwenye mifuko ya Joto la Umma. Meya alimtabasamia mara sita. Tihomir alijitetea moyoni kwamba kanuni inasema "mfuko", haisemi kilichomo. Zile peleti za halali Slavojka alizimwaga kwenye ngazi za nje ili watu wasiteleze kwenye barafu. Nyingine alimwekea paka wao mahali pa kujisaidia. Paka alinusa, akaondoka kwa hasira, akaenda kumalizia shida zake kwa jirani.

Nyumba ilipanda hadi nyuzi ishirini na mbili. Siku ya tatu Stamenka alimwita mkwe wake bwege, na Slavojka akalia kwa furaha.

Sasa ukafika wakati wa ukaguzi. Tihomir alizunguka mji na kipimajoto, koleo dogo na daftari. Nyumba ya kwanza ilikuwa ya mwalimu mstaafu, Bwana Dragutin. Nyuzi ishirini na tatu. Mfuko wa Joto la Umma ukutani, umesimama wima kama picha ya mtakatifu. Tihomir alifungua droo ya majivu. Majivu yalikuwa kijiko kimoja, laini, ya kijivu hafifu. Alinyanyua kichwa. Bwana Dragutin alimtazama bila kupepesa.

"Zinawaka vizuri hizi za Tume," alisema mwalimu.

"Ajabu," alisema Tihomir.

"Nilikuwa na mashaka. Lakini zinawaka."

"Na ngazi zako hazitelezi, naona."

"Hapana. Nazitunza."

Walikunywa kahawa, na pombe ya plamu kidogo ya kumsindikiza mkaguzi njiani. Nyumba ya pili, ishirini na mbili. Ya tatu, ishirini na nne, na mama mwenye nyumba amevaa gauni la mikono mifupi. Kufikia Ijumaa Tihomir alikuwa amekagua nyumba mia moja na kumi, zote zina joto, zote zina tabasamu la Meya ukutani, na mji mzima umemwagiwa peleti kwenye vijia, unachakacha chini ya viatu kama ufuo wa changarawe. Krunija alikuwa ameajiri wasaidizi wawili.

Takwimu hazidanganyi, na zile zilikuwa nzuri kupita kiasi. Tihomir alikaa mbele ya ripoti siku mbili. Hakuwa mwongo; kila namba aliyoandika aliipima kwa mkono wake. Lakini hakuwa jasiri pia. Kwa hiyo akaandika ripoti ya kurasa themanini, na ukweli akauweka kwenye kiambatisho cha kumi na nne, aya ya mwisho, kwa herufi ndogo: "Izingatiwe kwamba joto lililopimwa halitokani na bidhaa iliyoidhinishwa." Akapiga muhuri. Akalala vizuri.

Meya alisoma ukurasa wa kwanza, kwa kuwa ndio uliokuwa na jedwali la rangi.

Hapa lazima isemwe kwamba Mheshimiwa Raketić, nyumbani kwake, hakuwa amewahi kuchoma hata kidonge kimoja cha Joto la Umma. Alikuwa akiletewa peleti za Kijerumani kutoka ng'ambo, mfuko dinari mia saba. Hakuliona hilo kuwa unafiki. Mtu anayefikiri kwa niaba ya wengine anahitaji joto zaidi. Lakini sasa alimwita Tihomir ofisini, jedwali mkononi, uso umemwiva.

"Nyuzi ishirini na tatu kwa wastani, Žugić! Na majivu kijiko! Mimi natoa mia saba napata ishirini na moja. Unajua maana yake?"

"Mheshimiwa, kuna kiambatisho..."

"Maana yake nimekuwa fala! Wananchi wangu wanaota joto kwa mia tatu, na mimi Wajerumani wananila hela."

"Kiambatisho cha kumi na nne, Mheshimiwa. Ukipata nafasi."

"Viambatisho ni vya watu wasioamini. Mimi naamini." Alishika simu, akafuta oda yake ya ng'ambo mbele ya macho ya Tihomir. Kisha akaagiza tani arobaini za Joto la Umma: tani kumi nyumbani kwake, thelathini ofisi za halmashauri.

Tihomir alifungua mdomo. Aliuona mlango uko wazi, aliliona neno liko tayari ulimini. Kisha akakumbuka msaada wa jiko, na vyeo vitatu, na miaka saba iliyobaki kabla ya pensheni. Akafunga mdomo, akasema, "Hongera, Mheshimiwa."

Habari za Brestovnik zilifika mji mkuu. Katibu wa wizara alikuja mwenyewe, na kamera za televisheni. Alizungushwa kwenye nyumba tano, akavua koti kwenye nyumba ya kwanza na hakulivaa tena. Alisema hajawahi kuona fedha kidogo ikileta joto jingi namna ile. Mbele ya lango la Meya alipigilia kibao cha shaba: NYUMBA YA MFANO, INAPASHWA JOTO LA UMMA PEKEE. Meya alitia sahihi hati ya kiapo kwamba hataingiza ndani ya nyumba hiyo peleti nyingine yoyote kwa muda wa miaka mitatu. Watu wote walipiga makofi. Walipiga kwa nguvu hasa, na kwa muda mrefu, na wengine walilazimika kujifuta machozi. Katibu wa wizara aliandika kwenye kijitabu chake kuhusu uhusiano wa karibu kati ya kiongozi na watu wake.

Jiko la Mheshimiwa lilizimika siku ya tano. Likafufuliwa, likazimika siku ya sita. Ilikuwa Januari, na nje ilikuwa nyuzi kumi na nne chini ya sufuri. Mkewe alikwenda kumtembelea dada yake mjini Čačak kwa siku mbili, akapiga simu kwamba ziara imerefushwa hadi Aprili. Katika ofisi za halmashauri watumishi walifanya kazi na glavu, na muhuri uliganda kwenye kidau cha wino. Na kila mara Meya alipotazama dirishani akiwaza kumtuma mtu kwa Krunija, aliona wapita njia wamesimama langoni wanasoma kibao kile cha shaba, pole pole, kama watu waliokuja kuhiji.

Ndipo Mheshimiwa alipoanzisha mpango wa Meya Mitaani. Kila siku, tangu saa mbili asubuhi, aliwatembelea wananchi majumbani kusikiliza kero zao. Alisikiliza kwa subira ambayo haijawahi kuonekana. Alisikiliza saa tatu, saa nne, kiti kimesogezwa karibu na jiko, viatu vimevuliwa. Mtu akisema hana kero, Meya alimwomba afikirie vizuri.

Siku ya Alhamisi, kabla ya chakula cha mchana, alifika kwa Tihomir. Slavojka alikuwa sokoni. Tihomir alikuwa nyumbani kwa mafua aliyoyapata ofisini, na Stamenka alikuwa kwenye kiti chake, anafuma soksi. Meya aliwasalimu kwa heshima, akaketi, akanyoosha viganja kwenye kioo cha jiko kilichokuwa safi kama cha duka la miwani. Moto ulikuwa mweupe, mrefu, unacheza. Alifumba macho.

"Una kero yoyote, mama?" aliuliza.

"Ninayo moja," alisema Stamenka. "Hili joto unalionaje?"

"Zuri, mama. Zuri mno."

"Ni peleti gani unadhani zinawaka humo?"

Tihomir alikohoa. Meya alifungua macho. Mfuko wenye uso wake ulikuwa umeegemea ukuta, dole gumba juu.

"Za Tume, mama," alisema.

"Na kwako unachoma zipi?"

"Za Tume."

"Zilezile?"

"Zilezile."

Stamenka aliweka soksi mapajani. "Basi, mwanangu, vaa viatu urudi kwako. Kama ni zilezile, na joto ni lilelile. Mimi mwanamke mzee, sipendi mtu akae kwangu kwa kunionea huruma."

Meya alimtazama Tihomir. Tihomir, kwa mara ya kwanza katika miaka ishirini na sita, hakuinamisha macho. Mheshimiwa alivaa kiatu kimoja. Alivaa cha pili. Akafunga kamba, akasimama, akavuta koti, akafika mlangoni na kushika kitasa, na kitasa kilikuwa cha chuma, na baridi ya upande wa pili ilikuwa imekwisha kupenya.

Alisimama pale kwa muda ambao kikao cha Tume kingeweza kuanza na kuahirishwa.

"Ni takataka," alisema, akiwa ameupa mlango uso.

"Sikusikia," alisema Stamenka. "Masikio yangu ya zamani."

"Nimesema Joto la Umma ni takataka! Ni makabati! Jana nimetoa bawaba nzima kwenye majivu! Sijalala bila kofia tangu mwaka mpya!"

"Ahaa." Bibi alimgeukia mkwe wake. "Tihomir, wewe si katibu? Mwenyekiti anazungumza. Andika."

Tihomir aliinuka. Alileta karatasi rasmi ya halmashauri, akaandika maneno ya Mheshimiwa kama yalivyotamkwa, na bawaba ikiwemo. Chini akaongeza azimio: Tume imevunjwa, wananchi wako huru kukuna vichwa vyao wenyewe, na msaada wa jiko haurudishwi. Akaweka karatasi juu ya meza, kalamu juu ya karatasi.

Meya alisoma. Kwa mara ya kwanza katika utumishi wake alisoma hadi mstari wa mwisho.

"Nikitia sahihi," aliuliza kwa sauti ndogo, "nitaruhusiwa kukaa mpaka saa ngapi?"

"Kuna supu ya maharage," alisema Stamenka. "Inataka saa mbili zaidi kuiva."

Mheshimiwa alitia sahihi kama Mwenyekiti. Kisha, ili akidi itimie, akatia tena kama Makamu.